Nilimtumia salamu mtu aliyekuwa ndani ya simu ya mtoto wetu. Sasa nina convocation isiyo na mlango wa kupelekwa

Wakuu, salaam kwenu na poleni na mihangaiko.

Wanaonifahamu humu wananijua kwa nyuzi za kipuuzi. Ule wa paka aliyezaa ndani ya kikapu changu cha vitambaa, na ule wa siku niliyopotea mtaa wa pili kutoka kwetu. Leo sina kichekesho. Nitajaribu kucheka hapa mwanzoni kwa sababu ndivyo nilivyoumbwa, lakini mkifika katikati mtaona meno yamefungwa.

Haya yametokea nyumbani kwetu, mimi nikiwepo. Sehemu zinazoniaibisha nimeziacha kama zilivyo. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana kuna mtoto ndani.

Na mnivumilie Kiswahili. Mi ni mtu wa Bujumbura, Bwiza, na Kiswahili chetu kimekula Kifaransa na Kirundi mpaka kimenenepa. Shule niliishia secondaire, dawati la nyuma, karibu na dirisha.

Haya.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona uniforme za wanafunzi. Cherehani yangu iko mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja barazani, na hapo ndipo siku yangu inapoanzia na kuishia. Bar siendi, mpira siendi, Ziwa Tanganyika lenyewe nimeliona mara ya mwisho nikiwa bado na nywele. Mafuta ya gari yalipokosekana mjini na watu wakaanza kulia kwamba hawawezi kwenda popote, mi nikaona dunia imeamua hatimaye kuishi kama mimi.

Jirani yetu muuza mandazi, Bi Salima, ndiye aliyenibatiza jina la Kizingiti. Kila asubuhi ni wimbo uleule:

"Kizingiti, leo utavuka?"

"Apana Bi Salima, leo kuna upepo."

"Na jana?"

"Jana kulikuwa na jua."

Siishi peke yangu. Niko na mdogo wangu Mwajuma, ambaye anauza vitenge soko la Kamenge. Anatoka alfajiri, anarudi jua likishazama. Na niko na binti yake Zaina, miaka kumi na mbili. Baba yake Zaina alifariki zamani, Mungu amrehemu. Kwa hiyo mgawanyo wa kazi ulikuwa mwepesi: Mwajuma anatafuta, mi nalinda.

"Kaka, kazi yako ni moja tu," Mwajuma alikuwa ananiambia. "Uangalie nani anaingia."

Nikaangalia nani anaingia. Wallahi, katika hiyo miaka yote hakuna mwanaume aliyevuka ule mlango bila kunirukia miguu.

Na ndiyo sababu nauandika uzi huu.

Mwajuma alimpatia Zaina simu, iliyotumika tayari, ili amjulishe akitoka shule. Wiki ya kwanza tu mtoto akaja na ombi. Kuna app, watoto wa darasa lake wote wako mule, wanacheza video fupifupi na kuchati. Sitaitaja jina. Ninyi wenyewe mnazo tatu nne za namna hiyo, chagueni yoyote.

"Mjomba, mi peke yangu ndiye siko mule. Wananiita bibi."

Mi naitwa Kizingiti, nayajua maumivu ya jina. Nikashika simu.

App ikauliza tarehe ya kuzaliwa. Nikaandika ya Zaina, ya kweli. Ikasema: pole, umri wako hauruhusu. Nikafikiri kidogo. Nikafuta, nikaandika yangu. Yangu ni rahisi kuikumbuka, tarehe moja Januari, kama nusu ya watu wa rika langu ambao siku walipozaliwa hakuna aliyekuwa na kalamu. Kwenye karatasi sisi wote tumezaliwa siku moja, sherehe ya kitaifa.

App ikasema: karibu.

Wakuu, tulieni hapo kidogo. Simu ileile. Vidole vilevile. Dakika haijapita. Ilikuwa inaongea na mtoto wa miaka kumi na mbili, kufumba na kufumbua inaongea na mzee wa arobaini na tatu, na haikushangaa. Hata mlinzi wa bar ya Bwiza, aliyelewa, ukimrudia na kofia ya babako atacheka kwanza.

Lakini niliyeandika ni mimi. Hilo lishikeni, nitalirudia.

Sasa kuna neno inabidi niwaeleze, hasa wakuu wa Dar na Mombasa. Neno "tonton".

Ni Kifaransa, maana yake mjomba au baba mdogo. Lakini huku kwetu halina damu ndani. Mtoto hamwiti mwanaume mzima kwa jina lake, anamwita tonton. Muuza mkate tonton. Fundi wa baiskeli tonton. Askari tonton. Katika Bujumbura nzima mwanaume mmoja tu ambaye Zaina hamwiti tonton ni mimi, kwa sababu mi ni kaka wa mama yake kweli. Mi ni mjomba.

Na tonton akikusalimia, unajibu. Hilo nilimfundisha mwenyewe, na nilikuwa najisifu nalo. "Mkubwa haachwi na salamu mkononi," nilimwambia tangu akiwa na meno ya maziwa. Mtaa mzima ulimpenda kwa hilo. Anapita anagawa salamu kama mandazi ya bure.

Siku moja, alasiri, nashona kola. Zaina amekaa kwenye mkeka nyuma yangu na simu, anacheka.

"Unachati na nani?"

"Na tonton mmoja. Anasema anamjua maman, walikuwa wanauza pamoja."

Nilikuwa na pini mdomoni. Nikasema, na maneno haya nayasikia kila siku:

"Mpe salamu."

Akaandika. Baada ya muda akasoma jibu kwa sauti: "Anasema salamu zimefika, na wewe pia mjomba, Mungu akubariki."

Nikasema amina.

Huyo mtu hakuwa anamjua Mwajuma. Ni ile app iliyomleta, kwenye ile orodha yake ya "watu unaoweza kuwafahamu". Zaina hakumtafuta. Na kuanzia siku ile alikuwa na kitu ambacho hakuwa nacho kabla: baraka za mwenye nyumba. Mtoto aliniona namsalimia. Angemwogopa kwa nini?

Sitaandika alichokuwa anamwandikia. Kwanza zilikuwa zawadi za maneno. Baadaye akataka picha. Mtoto akatuma moja, ya sikukuu ya Idi, amevaa robe, yaani gauni, ya kijani niliyomshonea, yenye vifungo vya lulu bandia mgongoni. Hiyo picha niliipiga mimi, hapo mlangoni. Picha safi, mtoto anacheka. Yule mtu akasema nzuri, lakini anataka za namna nyingine. Zaina akasema apana. Akaendelea kusema apana, siku baada ya siku, kwa adabu yote niliyomfundisha: "Apana tonton, pardon tonton."

Hiyo "pardon" nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyo afya.

Mi nilikuwa naona nini wakati huo? Naona mtoto amepunguza kula. Naona simu imelazwa kifudifudi. Nikamtania. Nyie mnanijua, utani kwangu ni kama kikohozi. Nikamwambia amepata mchumba, nikamwambia nitamshonea shela.

Halafu akaniuliza swali. Alikuwa anachambua mchele, hakuniangalia.

"Mjomba, mutu akisema ataleta aibu kwa maman, polisi wanakamata nani?"

Nikajibu, hahaha nyingi: "Wanakamata we kwanza, mwenye maswali mengi."

Akaendelea kuchambua mchele.

Kama kuna mtu anataka kujua mzaha mmoja una gharama gani, wangu uligharimu siku tisa za mtoto kukaa kimya. Nimezihesabu baadaye kwenye tarehe za zile meseji.

Siku ya tisa Mwajuma alirudi mapema, jua liko juu, bila mzigo wa vitenge. Nilipomwona anakuja bila mzigo nilijua. Mama wa mtoto mwingine wa darasa lao alikuwa amemfuata mpaka kwenye meza yake sokoni na kumwonyesha simu.

Yule mtu, alipochoka kukataliwa, alifungua akaunti mpya. Jina la Zaina. Picha ya Zaina, ile ya robe ya kijani. Na chini yake maneno ambayo sitayarudia, yaliyoandikwa kana kwamba ni yeye anayeyasema, anawaalika wanaume. Halafu akawaongeza wanafunzi wa darasa la Zaina, mmoja mmoja.

Mwajuma hakupiga kelele. Alikaa kwenye kile kiti cha wateja, akanitazama.

"Kaka. Nilikuomba kitu kimoja."

Nikasema, "Hakuna mtu aliyeingia, Mwajuma. Nilikuwa hapa."

"Naona ulikuwa hapa."

Kesho yake Zaina alivua uniforme akaitundika kwenye msumari karibu na cherehani yangu. Akasema sentensi moja na akaishikilia: "Sirudi shule mpaka mi nitoke mule."

Basi. Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu. Kumtoa mule.

Nikaanza na njia ya halali, kuripoti. Fomu ina lugha nyingi, Kirundi haimo, Kiswahili kimo. Nikachagua Kiswahili, nikabonyeza kila kitufe chenye neno mtoto. Nikatuma skrinishoti za mazungumzo yote. Nikaandika maelezo marefu, na heshima zote, kama barua ya kuomba kazi. Nikakaa nasubiri.

Jibu lilikuja siku ya pili. Wamekagua, hawakukuta kinachokiuka kanuni zao za jumuiya. Akaunti zinazohusika ni za watu wazima. Wananishukuru kwa kusaidia kuifanya app kuwa mahali salama.

Watu wazima. Tarehe moja Januari, wakuu. Mkono wangu.

Nikakata rufaa. Nikaeleza kwamba tarehe ile niliidanganya mimi, nikatuma picha ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Jibu likaja upesi zaidi kuliko la kwanza, neno kwa neno lilelile. Hata koma hazikuhama.

Pale kwenye meseji kuna kitufe cha tafsiri. Nikakibonyeza nione wao wanasoma nini. "Tonton yako anakupenda, tuma picha" ilikuwa imegeuka kuwa "Mjomba wako anakupenda, tuma picha." Na zile za Zaina: "Hapana mjomba, samahani mjomba."

Kwenye macho ya ile mashine, yalikuwa mazungumzo ya watu wazima wawili wa ukoo mmoja. Na mjomba alikuwa ni mimi. Neno langu pekee, ambalo hakuna mwingine mjini anayeitwa hivyo na yule mtoto, wamempa yeye.

Sijui kama ndiyo sababu ya jibu lao, hawakusema. Labda hakuna aliyesoma chochote. Sijui lipi ni baya zaidi.

Hasira zikanipanda, nikafungua akaunti yangu mwenyewe, nikamwandikia yule mtu neno moja tu la Kirundi. "Imbwa." Maana yake mbwa.

Saa ile ile nikafungiwa siku tatu kwa lugha ya kuwadhalilisha wengine.

Kumbe Kirundi wanakijua.

Nikaamua kuvuka kizingiti. Bi Salima aliponiona na viatu alisimama na kijiko cha kukaangia hewani. Hakuna aliyenitania siku hiyo. Basi hazikuwepo, foleni ya mafuta imekunja kona mbili, nikatembea kwa miguu na Mwajuma mpaka ofisi ya polisi wanaoshughulikia mambo ya watoto.

Afisa alikuwa mama mmoja mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi. Alisoma kila kitu. Alitusikiliza vizuri, hilo nalisema kwa haki yake.

"Huyu mutu anakaa wapi?" akauliza.

"Hatujui. Jina ni la uongo."

"Nani anajua?"

"Kampuni ya app. Wao wana namba yake, wana simu yake, wanajua alikuwa wapi kila alipoandika."

"Basi tumwite kampuni."

Akavuta kitabu chake, akaanza kuandika convocation. Kwa wasiojua, hiyo ni karatasi ya polisi ya kumwita mtu aje ajieleze. Na huku kwetu, mara nyingi, mwenye mashitaka ndiye anaibeba mwenyewe. Unakwenda nayo mpaka mlangoni kwa uliyemshitaki, unabisha hodi, unamkabidhi. Nimeshaona mke anampelekea mumewe, wote wanaishi chumba kimoja.

Akaandika jina la kampuni kwa herufi kubwa nzuri. Akafika kwenye mstari wa adresse. Kalamu ikasimama.

"Ofisi yao hapa Burundi iko avenue gani?"

"Hawana ofisi hapa."

"Kigali? Dar?"

"Sijui, maman."

Alivua miwani. "Barua nitaandika, itapanda juu, na huko juu wataipandisha tena. Majibu ya barua za namna hii mi sijayaona na macho yangu." Halafu akagonga muhuri, akanipa karatasi. "Ichukue. Mi nina muhuri, papa. Mlango ndio sina."

Tukarudi na karatasi. Jina liko, muhuri uko, mstari wa adresse mweupe.

Wakati huo wote ile akaunti ya jina la Zaina bado ipo. Watoto wanaiongeza. Uniforme iko kwenye msumari, nashona za wenzake chini yake.

Aliyetuvusha ni mama Furaha, Mukongomani aliyekimbia vita toka Kivu. Ana secrétariat hapa mtaani, yaani fotokopi, kompyuta moja, na picha za pasipoti. Nilimpelekea ile convocation anitolee kopi. Akaisoma. Akauliza, nikamweleza yote nikiwa nimesimama.

"Papa, iyi picha nani alipiga?"

"Mi."

"Na ile robe?"

"Mi niliishona."

"Basi iko mali yako. Acha kusema mutoto. Sema wamekuibia mali."

Sikuelewa. Akanionyesha fomu nyingine kabisa, ya watu walioibiwa kazi zao: nyimbo, video, picha. Alikuwa ameshawahi kuitumia wakati mtu alipoiba picha za harusi alizopiga yeye.

"Utaona vile wanakimbia," akasema.

Fomu hiyo ilikuwa nadhifu, wakuu. Haikuniuliza umri wa mtu yeyote. Iliuliza: wewe ndiye mmiliki? Nikaandika ndiyo. Eleza mali iliyoibwa. Nikaandika: "Picha ya robe ya kijani, kazi yangu ya mikono, yenye vifungo sita mgongoni." Aliyekuwa ndani ya robe hakuulizwa popote, na mi sikumtaja.

Tuliituma baada ya sala ya adhuhuri. Adhana ya magharibi inaanza, simu ikalia. Wameiondoa akaunti. Wanaheshimu haki za wamiliki.

Siku kumi na tisa nimelia mtoto, mtoto, mtoto. Nikasema nguo, wakaja mbio.

Mwajuma alisujudu palepale. Mi nilishindwa hata kufurahi. Nilijiona kama mtu aliyemwokoa mtoto kwenye moto kwa kuwaambia wazima moto kwamba ndani kuna godoro zuri.

Nikamwambia Zaina: "Umetoka mule."

Akaangalia mwenyewe, akatafuta jina lake, hakulikuta. Akarudisha simu. Kesho yake alivaa uniforme akaenda shule. Kwa hiyo wanaopenda mwisho mwema wanaweza kuishia hapa.

Maana yule mtu yupo. Akaunti yake mwenyewe, ile ya tonton, hawakuigusa. Haikuwa na mali yangu. Ina picha ya bahari na maneno ya dua. Niliiangalia juzi, ana marafiki wapya, na kwa sura zao wengine wana umri wa Zaina. Sijui wanasemaje "pardon" huko kwao.

Wiki moja baada ya kurudi shule, Zaina aliniletea ile robe ya kijani, imekunjwa.

"Mjomba, ifumue."

"Nikupunguzie? Nikubadilishie kola?"

"Yote."

Katika maisha yangu yote sijawahi kufumua nguo nzima niliyoishona mwenyewe. Inachukua muda mrefu kuliko kushona, kwa sababu hutaki kuchana kitambaa. Alikaa karibu yangu mpaka uzi wa mwisho ukatoka. Vifungo aliviweka kwenye kopo la majani ya chai. Kitambaa kipo, sijui nikifanye nini.

Na salamu zimekwisha. Anapita mtaani kama anapita makaburini. Wazee wanamsalimia, yeye macho chini, mguu mbele. Ijumaa iliyopita Bi Salima alivuka njia akaja kunilalamikia:

"Kizingiti, mutoto wenu ameingiwa na nini? Tonton wa mkate anamsalimia, anapita kama hajaona mutu. Adabu yote imeenda wapi?"

"Mi ndiye nilimwambia asijibu," nikasema.

"We? Uliyemfundisha?"

"Mi, niliyemfundisha."

Aliniangalia, akaona kwamba sitanii. Akaniachia mandazi mawili kwenye meza ya cherehani, akarudi kwake. Ukweli ni kwamba sikumwambia Zaina asijibu. Ila nilitaka aibu iwe yangu.

Sasa najua humu. Kabla sijamaliza kuandika, kuna mkuu ameshaandika: "Mzazi ulikuwa wapi?"

Nilikuwa mlangoni, mkuu. Nilikuwa mlangoni na pini mdomoni. Niliandika tarehe ya uongo, nilituma salamu, na mtoto alipokuja na swali nilimrudisha na kicheko. Makosa yangu nimeyashona mwenyewe, hakuna haja ya kunitafutia mengine.

Lakini makosa yangu yasiwe kivuli cha wao kupumzika. Mi niliandika uongo mmoja, wao waliuona unaandikwa na wakasema karibu. Yule mtu sikumleta mimi, walimleta wao kwa orodha yao. Nilipopiga kelele, sikio la kumsikia mtoto halikuwepo, ila la kusikia tusi lipo, na la kusikia mali lipo tena linasikia vizuri. Kwa hiyo wanaweza. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Ningefarijika kama ningegundua kwamba hawawezi.

Huku Bwiza mwenye bar akiwaingiza watoto, bar inafungwa, na hakuna anayemwuliza mama wa mtoto kwanza. Mwenye gari likiua, analetwa yeye na breki zake. Kwa nini mwenye nyumba kubwa kuliko zote, yenye watoto wetu wote ndani, ndiye peke yake hana mlango wa kubishwa?

Nililojifunza ni dogo. Mtoto akikuletea swali la ajabu, weka pini chini, funga mdomo wako wa utani, muulize "nani kasema hivyo?" Na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto usiiguse, hata wakimwita bibi. Skrinishoti chukueni mapema. Hiyo njia ya mali nimewapa, itumieni ikibidi, ingawa utaandika huku unajichukia.

Convocation ninayo bado. Iko kwenye droo ya cherehani, pamoja na bobini. Muhuri haujafifia. Mstari wa adresse bado mweupe.

Mwenye uzoefu kama huu aandike hapa chini, hata kwa kifupi, hata bila jina. Wenye kunisimanga simangeni, nimezoea. Ila kama kuna mmoja kati yenu, mwanasheria, dereva, mfagiaji wa huko kwao, anayejua mlango wa hao watu uko mji gani na barabara gani, naomba aniandikie.

Viatu viko tayari. Kizingiti nitavuka.